Usimtoe Mtoto Uwanjani, Mtafutie Zoezi Linalomfaa

Mazungumzo na akina mama na walezi: mazoezi ya viungo kwa vijana wa shule za upili

Huenda uko jikoni Malindi mjini, huenda unasuka makuti Mambrui, unapaa samaki Ngomeni, unapalilia shamba Ganze au unapanga bidhaa zako sokoni Mtwapa. Popote ulipo, endelea na kazi yako ila nitegee sikio. Na kama una kijana wa shule ya upili hapo nyumbani, mwite naye asikilize, maana yanamhusu.

Leo tunazungumza juu ya mazoezi ya viungo shuleni, somo ambalo watoto wengi huliita tu michezo. Utasema, "Hilo si ni jambo la walimu?" Ni la walimu, lakini pia ni letu. Mara nyingi sisi wa nyumbani ndio tunaoamua kama mtoto atacheza au atakaa kando. Tunaamua tunapomwandikia mwalimu barua kwamba mtoto asifanye mazoezi. Tunaamua tunapomwambia binti, "Sasa umekuwa mkubwa, wacha mambo ya kukimbiakimbia." Tunaamua pia tunapompangia kazi zote za jioni yeye peke yake, huku kaka yake amekwenda kucheza mpira.

Chukua mfano huu. Tuseme kuna kijana wa kidato cha kwanza mwenye pumu. Siku moja akikimbia uwanjani kifua kinambana. Mama yake, kwa mapenzi na kwa hofu, anaandika barua: "Mwanangu ni mgonjwa, tafadhali asifanye mazoezi." Mwalimu anatii. Muhula unapita, mwaka unapita, miaka minne inapita, na kijana yule kila kipindi cha michezo yuko chini ya mwembe akilinda mabegi ya wenzake. Pumu haikupona kwa sababu ya kukaa, na mwili wake umezidi kuwa mnyonge.

Mama huyo hakuwa na nia mbaya, ila barua yake iliuliza swali lisilofaa. Iliuliza, "Je, anaweza kuachwa?" Ingepaswa kuuliza, "Je, yeye afanye zoezi gani?" Hilo ndilo jambo ninalotaka ulishike leo, mama. Karibu kila mtoto ana zoezi linalomfaa. Kazi yetu ni kulitafuta pamoja na mwalimu na mhudumu wa afya.

KIJANA ANAHITAJI MAZOEZI KIASI GANI?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wafanye mazoezi kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Yawe mazoezi ya kumfanya ahema kwa kasi na atoke jasho. Angalau siku 3 kwa wiki yawemo mazoezi ya nguvu, ya kuimarisha misuli na mifupa, kama vile kukimbia, kuruka na kupanda. Dakika hizo si lazima zifanywe kwa mkupuo mmoja. Ishirini asubuhi, ishirini shuleni na ishirini jioni zinatosha.

Lakini vijana wengi duniani hawafikii kiasi hicho. Takwimu za mwaka 2016 zilionyesha kwamba kati ya kila vijana 100 wa miaka 11 hadi 17, vijana 81 hawafanyi mazoezi ya kutosha. Kwa wavulana ni 78, na kwa wasichana ni 85. Umeona, mama? Wasichana ndio wanaoachwa nyuma zaidi.

Mazoezi yanamsaidia vipi kijana? Kwanza, mifupa. Miaka ya ubalehe ndiyo miaka ya kujenga mifupa, kama vile fundi anavyojenga msingi kabla ya kuta. Mifupa anayoijenga binti yako leo ndiyo atakayoitegemea akiwa mama, na hata akiwa bibi. Pili, moyo na mapafu hupata nguvu. Tatu, mazoezi hupunguza hatari ya kunenepa kupita kiasi, na ya kupata shinikizo la damu na kisukari ukubwani, maradhi ambayo siku hizi yanatusumbua hata vijijini. Nne, akili. Kijana anayefanya mazoezi hulala vizuri, hasira na huzuni hupungua, na darasani huwa makini zaidi. Kwa hiyo usidhani kwamba saa ya michezo inamwibia saa ya masomo.

SOMO LIKO KWENYE RATIBA, LAKINI JE, LINAFUNDISHWA?

Katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, kipindi cha mazoezi ya viungo kimekuwa kwenye ratiba ya shule. Tatizo ni kwamba hakitahiniwi pamoja na masomo mengine ya KCSE. Basi mtihani ukikaribia, mara nyingi kipindi hicho hugeuzwa kuwa cha hesabu au cha kemia, na sisi wazazi tunashukuru, tukisema watoto wanasoma.

Sasa tuko katika mabadiliko. Wanafunzi wa mwisho wa 8-4-4 wanatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Kundi la kwanza la mtaala mpya wa umilisi liliingia Gredi ya 10, yaani sekondari ya juu, Januari 2026. Huko kuna mikondo mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hesabu, Sayansi za Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mtoto mwenye kipawa cha michezo sasa anaweza kukifuata kama masomo na kama kazi, awe kocha, mwalimu au mtaalamu wa kuwahudumia wanamichezo.

Hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hulikosea. Wanadhani mazoezi ni ya wale tu waliochagua mkondo wa michezo. Sivyo. Mazoezi ya viungo yamekusudiwa wanafunzi wote, hata yule anayetaka kuwa daktari au wakili. Hivyo ukienda kwenye mkutano wa wazazi, usiulize matokeo ya mtihani tu. Simama uulize kwa heshima, "Mwalimu, kipindi cha michezo cha watoto wetu ni siku gani, nao hufanya nini?"

MICHEZO SI MPIRA PEKE YAKE

Watoto wengi huacha mazoezi kwa sababu wanapewa mpira mmoja na kuambiwa wacheze. Wenye kipawa wanacheza, wengine wanatazama. Hebu tuangalie mazoezi mengine yanayoweza kufanyika hapa kwetu bila gharama kubwa.

Kuna michezo ya timu: soka, netiboli, voliboli na mpira wa mikono. Kuna riadha: kukimbia, kuruka juu, kuruka mbali na kurusha tufe. Kuna kuruka kamba, ambako kunahitaji kamba tu na kivuli kidogo, na dakika kumi za kamba zinamtosha mtu kutoka jasho jembamba. Kuna ule mchezo wa kati, wa kurushiana mpira, ambao hata mpira wa matambara na karatasi za nailoni unaufaa.

Kuna ngoma. Ndiyo, mama, ngoma ni zoezi. Kijana wa Kigiriama anayecheza gonda barabara kwa nusu saa, mabega na miguu vikienda sawa na mdundo, amefanya mazoezi kamili. Vivyo hivyo kirumbizi, mchezo wa fimbo wa Waswahili. Binti asiyependa kushindana huenda akapenda kucheza ngoma na wenzake. Shule nyingi zina vikundi vya ngoma kwa ajili ya tamasha za muziki, basi muulize mwalimu kama mwanao anaweza kujiunga.

Kuna kutembea na kuendesha baiskeli. Kwa bahati nchi yetu huku ukanda wa bahari ni tambarare. Mtoto anayekwenda shule kwa miguu nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, kwa mwendo wa haraka, tayari ana sehemu kubwa ya zile dakika 60. Lakini anayepelekwa na bodaboda mpaka mlangoni kila siku, huyo mtafutie zoezi jingine.

Na kuna bahari. Maji yakitoka, mchanga mgumu wa ufukweni ni uwanja mzuri wa kukimbia na kucheza voliboli. Kuogelea nako ni zoezi zuri mno, ila kuna tahadhari. Kuishi karibu na bahari si kujua kuogelea. Mtoto afundishwe na mtu mzima anayejua, asiende peke yake, na asiingie kwenye mikondo ya maji kama ile ya mlango wa Mida au ya hori la Kilifi wakati maji yanajaa au kutoka kwa nguvu. Wakati wa kusi, bahari inapochafuka, abaki nchi kavu.

Je, kuchota maji na kulima si mazoezi? Ni kazi ya mwili, na inahesabika. Lakini kumbuka kwamba mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20. Msichana wa miaka 14 anayebeba huo mara tatu kwa siku, shingo na mgongo wake vinachoka, naye hapati furaha ya kucheza na wenzake. Huyo haongezewi mzigo, anapunguziwa. Mgawie kaka yake mitungi miwili, na binti apate nusu saa yake ya netiboli.

HOFU ZETU KUHUSU MABINTI

Sasa tuseme kweli, sisi akina mama tunajuana. Binti akivunja ungo, tunaanza kumwondoa uwanjani. Hebu tuzitazame hofu zetu moja moja.

"Michezo itamharibia ubikira." Kile kingozi cha ukeni hakifanani kwa wasichana wote. Wengine huzaliwa nacho kidogo sana, na kinaweza kunyumbuka au kuchanika bila tendo lolote la ndoa. Hali yake haithibitishi kama msichana ni bikira au si bikira. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitoa wito kwamba uchunguzi wa ubikira ukomeshwe, kwani hauna msingi wa kitabibu. Kukimbia, kuruka na kuendesha baiskeli hakuondoi heshima ya binti.

"Mazoezi wakati wa hedhi yatamharibu kizazi." Hapana. Mazoezi hayadhuru kizazi wakati wa hedhi, na kwa wasichana wengi hupunguza maumivu ya tumbo na mgongo. Siku ambayo maumivu ni makali, anaweza kutembea tu au kunyoosha viungo. Lakini kama damu inatoka nyingi mno hata abadilishe sodo kila saa, au inaendelea zaidi ya siku 7, mpeleke kituo cha afya. Mabinti wengine hukimbia kipindi cha michezo kwa kuogopa kuchafua nguo. Sheria ya elimu ya Kenya iliyorekebishwa mwaka 2017 inaitaka serikali iwape wasichana wa shule za umma sodo bila malipo. Uliza shuleni kwako kama zimefika. Na akiwa na bukta au suruali ya rangi nzito ndani ya sketi, wasiwasi hupungua.

"Mavazi ya michezo hayana stara." Hili lina ufumbuzi. Binti anaweza kuvaa suruali ndefu pana, fulana ya mikono mirefu na mtandio mwepesi uliofungwa vizuri bila pini. Wakuu wa sheria za soka duniani waliruhusu rasmi kufunika kichwa mwaka 2014, na wale wa mpira wa vikapu mwaka 2017. Basi zungumza na mwalimu mkuu kabla ya kumwondoa mtoto. Jambo jingine tunaloona haya kulisema: binti aliyeota maziwa anahitaji sidiria inayomshika vizuri. Wengi huacha kukimbia kwa sababu ya kuumwa na kifua au kuchekwa na wavulana, na nyumbani hawasemi.

"Atakuwa kama mwanamume." Misuli ya msichana haiwi ya mwanamume kwa kucheza mpira. Hapa Kilifi, shirika la Moving the Goalposts limekuwa likiwakusanya wasichana kupitia soka tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wasichana hucheza, hujadili afya ya uzazi na haki zao, na wengine hufunzwa kuwa makocha na waamuzi. Msichana aliyezoea kupaza sauti uwanjani akiomba mpira huwa si rahisi kunyamazishwa anapotaka kusema hapana.

Na yule binti aliyepata mtoto akarudi shule? Nchi yetu imekuwa na sera ya kumrudisha shuleni tangu mwaka 1994. Naye anahitaji mazoezi, ila aanze polepole kwa kutembea, na kabla ya kukimbia na kuruka apimwe kwanza kliniki. Ikiwa alipasuliwa, asikilize ushauri wa daktari wake.

MTOTO MWENYE UGONJWA AU ULEMAVU

Pumu. Mtoto mwenye pumu iliyodhibitiwa anaweza kucheza karibu michezo yote. Aupashe mwili moto kwa dakika 10 hadi 15 kabla ya kukimbia. Asikimbie kwenye vumbi jingi au moshi wa takataka. Inhela, ile dawa ya kuvuta kwa mdomo, iwe karibu naye uwanjani, isifungiwe bwenini. Wengine hushauriwa waitumie kabla ya mazoezi, basi muulize daktari. Akibanwa, aketi wima, avute dawa kama alivyoelekezwa. Asipopata nafuu, au akishindwa kumaliza sentensi, ni hospitali mara moja.

Selimundu, ule ugonjwa wa damu wengi wanaouita sikoseli. Ni ugonjwa wa kurithi tunaoukuta sana hapa Pwani. Mtoto huyu asishindanishwe mbio za kufa na kupona, asinyimwe maji, asichezeshwe kwenye jua kali, na asikae muda mrefu kwenye maji baridi. Lakini kutembea, ngoma ya taratibu, kunyoosha viungo na michezo mepesi yenye mapumziko mengi vinaweza kumfaa. Kliniki yake ndiyo itakayopima kiasi. Mwalimu ajue kwamba mtoto akisema "nimechoka", hiyo si uvivu. Akipata maumivu makali, homa au kukosa pumzi, mazoezi yakome na apelekwe hospitali.

Kifafa. Hiki si pepo na hakiambukizi, hata povu lake halina ubaya. Mtoto anayemeza dawa zake vizuri anaweza kukimbia na kucheza mpira. Asiogelee bila mtu mzima wa kumwangalia kwa karibu, na asipande miti wala kuta. Akianguka, wenzake wamlaze ubavu, waondoe vitu vya kumwumiza, wasimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, wala wasimkandamize. Degedege likizidi dakika 5, apelekwe hospitali haraka.

Ulemavu. Mtoto asiyesikia anahitaji mwalimu apunge bendera badala ya kupuliza filimbi. Asiyeona anaweza kukimbia akishika kamba fupi pamoja na mwenzake, au kucheza mpira wenye njuga ndani. Asiyeweza kutembea anaweza kurusha tufe akiwa ameketi. Ipo hata voliboli ya kukaa chini, mchezo unaochezwa katika mashindano makubwa ya walemavu duniani. Usikubali mtoto wako apewe kazi ya kulinda mabegi.

Zipo dalili ambazo lazima mtoto achunguzwe kwanza kabla ya kuendelea: akizimia anapokimbia, akiumwa na kifua, moyo ukimwenda mbio bila mpango, au akikosa pumzi kuliko wenzake kwa kazi ndogo. Hapo usisite wala usingoje. Na binti anayechoka kila mara, ana viganja na midomo iliyopauka, huenda ana upungufu wa damu. Apimwe.

JUA, MAJI NA CHAKULA

Kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa kaskazi, jua letu huwa kali. Mazoezi yafanywe asubuhi mapema au jioni jua likipoa. Mtoto anywe maji kabla, katikati na baada ya mazoezi, asingoje kiu. Maji safi yanatosha, na dafu likipatikana ni zuri. Vile vinywaji vya kuchangamsha vinavyouzwa kwenye mikebe havimfai mtoto.

Akianza kuumwa na kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu juani, mpeleke kivulini, mlegeze nguo, mpake maji mwilini, mpepee, na umnyweshe maji kidogo kidogo. Akianza kuweweseka au kuzimia, usimpe kitu mdomoni. Endelea kumpoza kwa maji na kumpepea huku mkitafuta gari la kumkimbiza hospitali.

Asiende uwanjani na njaa. Uji, muhogo wa kuchemsha, viazi vitamu au mbaazi na mahamri vinatosha kumpa nguvu, saa moja au mbili kabla. Kwa ajili ya damu, mpe kunde, maharagwe, dagaa, mchicha na mnavu, pamoja na ndimu, chungwa au embe ili mwili ufyonze madini ya chuma. Chai asinywe pamoja na chakula hicho, kwani hupunguza faida yake. Mwezi wa Ramadhani, anayefunga afanye mazoezi mepesi karibu na kufuturu, au baada ya tarawehe akiisha kunywa maji.

AKITEGUKA MGUU

Kuumia kidogo ni sehemu ya michezo. Mguu ukiteguka, apumzike, umwekee kitambaa chenye maji baridi au barafu iliyofungwa kwa nguo kwa dakika 15 hadi 20, ufunge bendeji bila kukaza mno, kisha uinue mguu juu ya mto. Siku mbili za kwanza usimkande kwa mafuta moto wala kumwita mkandaji. Kukanda mapema huongeza uvimbe, na kama ni mfupa uliovunjika, utamdhuru. Asipoweza kukanyaga hatua nne, au mguu umepinda, ni hospitali kupigwa picha.

JUA NANI YUKO NAYE

Mama, mruhusu mtoto acheze, lakini jua anacheza wapi, na nani, na anarudi saa ngapi. Mfahamu kocha kwa jina na kwa sura. Mazoezi yafanyike mahali pa wazi, si chumbani na mtu mmoja. Mgeni wa ufukweni anayegawa viatu na zawadi kwa siri si mfadhili wa michezo. Mtoto akikuambia kwamba kuna mtu anamshika asivyotaka, mwamini na uchukue hatua. Namba 116 ni ya kusaidia watoto, nayo haitozwi pesa.

WIKI HII UFANYE NINI?

Kwanza, muulize kijana wako, "Kipindi cha michezo wewe hufanya nini?" Akijibu "Hukaa tu", muulize kwa nini, kisha usikilize bila kumkaripia.

Pili, kama ulimwandikia barua ya kumwondoa, nenda kliniki, kisha uandike nyingine. Iseme hivi: "Mwanangu ana ugonjwa fulani. Anaweza kufanya hili na hili. Asifanye lile. Akionyesha dalili hizi, dawa yake iko mahali hapa, na simu yangu ni hii." Barua hiyo inamsaidia mwalimu kuliko neno "asifanye".

Tatu, gawa kazi za nyumbani upya, wasichana kwa wavulana, ili kila mtoto apate saa yake ya kucheza.

Nne, cheza nao. Mtembee pamoja jioni, au uruke kamba nao uani. Mtoto huiga anayoyaona kwa mama yake.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mwili wa kijana nao ungali mbichi. Ukiuzoeza mwendo sasa, utamtumikia mpaka uzeeni. Jirani ambaye hakusikia, mpitishie habari hizi. Tukutane tena wiki ijayo, Mungu akipenda. Kwaheri.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, ni watoto gani wanaokaa kando wakati wa michezo? Kwa nini?
2. Ni hofu ipi kuhusu mabinti na michezo tuliyoirithi kwa mama zetu? Leo tumejifunza nini juu yake?
3. Ni kazi zipi za nyumbani ambazo wavulana wetu wanaweza kuanza kuzifanya wiki hii?
4. Ni nani kati yetu atakayeuliza juu ya kipindi cha michezo katika mkutano ujao wa wazazi?